Umaarufu Usio na Cheti: Vladimir Vysotsky katika Filamu za Kisovieti, 1967–1987

Insha hii inachunguza namna Vladimir Vysotsky, mwigizaji na mtunzi wa nyimbo wa Urusi, alivyopata umaarufu katika nchi ambamo dola ndiyo iliyomiliki studio za filamu, viwanda vya santuri, magazeti na televisheni. Swali la msingi ni hili: iwapo vyombo vinavyotunza kumbukumbu ndivyo hivyohivyo vilivyomnyima nafasi, mwanahistoria atapimaje mapenzi ya umma kwake?

Vysotsky alizaliwa Moscow tarehe 25 Januari 1938. Mwaka 1964 alijiunga na jumba la maonyesho la Taganka chini ya Yuri Lyubimov, ambako tangu 1971 aliigiza nafasi ya Hamlet. Katika filamu, nyota yake iling'aa mwaka 1967 kwa Vertikal, kisa cha wapanda milima, ambamo aliimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Hata hivyo, mlango huo haukuachwa wazi. Interventsiya, filamu ya Gennady Poloka iliyokamilika 1968, ilizuiwa hadi 1987.

Njia rasmi ilipobanwa, wasikilizaji walijifungulia nyingine. Nyimbo zake zilinakiliwa majumbani, kutoka kinasa sauti kimoja hadi kingine, bila idhini ya yeyote. Hivyo basi, watazamaji wengi waliokutana naye kwenye skrini walikuwa wameshaizoea sauti yake nzito yenye mikwaruzo. Kanda na filamu zilikamilishana: kanda zilieneza sauti, nazo filamu zikaipa sura.

Kilele kilifika Novemba 1979, televisheni iliporusha Mesto vstrechi izmenit nelzya, filamu ya Stanislav Govorukhin yenye sehemu tano. Vysotsky aliigiza Gleb Zheglov, kapteni wa polisi anayepambana na genge la wahalifu mjini Moscow mwaka 1945, na ambaye hasiti kumtilia mwizi ushahidi mfukoni ili amtie hatiani. Kinaya ni dhahiri: msanii ambaye hadi wakati huo dola haikuwa imemtunuku cheo chochote cha heshima ndiye aliyekuwa sura ya sheria yake, tena sheria yenye mashaka.

Alifariki tarehe 25 Julai 1980, akiwa na umri wa miaka 42, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Magazeti yalitoa matangazo mafupi tu. Lakini maelfu kwa maelfu ya watu walifurika Taganka kumuaga kabla ya maziko yake katika makaburi ya Vagankovo. Diwani yake ya kwanza nchini mwake ilichapishwa 1981, na Tuzo ya Taifa ikamfikia kaburini mwaka 1987, kwa nafasi ya Zheglov na kwa nyimbo zake.

Tuzo hiyo isichukuliwe kuwa kipimo cha umaarufu wake. Inaeleza zaidi mabadiliko ya dola katika zama za Gorbachev kuliko hisia za watazamaji wa 1979. Ushahidi ulio karibu zaidi na umma ni kanda zilizonakiliwa na umati wa mazishi, ambavyo havikuagizwa na ofisi yoyote. Mtafiti wa sanaa chini ya udhibiti hana budi kuvisoma pamoja na nyaraka rasmi. La sivyo, ukimya wa magazeti utahesabiwa kimakosa kuwa ukimya wa watu.