Ngoma Tatu Sikioni: Historia ya Hedifoni na Safari Yake hadi Kakamega

Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Pamoja nazo hulia pembe ya swara na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mimi huitumia kwa kazi nyingine pia. Kila ninapopata hedifoni za kujaribu, ziwe za bei kali au za bei ya mitumba, huanza na rekodi ya isukuti. Ngoma kubwa hunionyesha kama besi ina kina au ni mvumo mtupu. Ya kati hulia palepale zinapopita sauti za waimbaji, na hedifoni isiyo na usawa huzichanganya. Ile ndogo, iliyowambwa ngozi ya kenge, ina mlio mkavu na mfupi ambao hedifoni mbovu huumeza wote. Baada ya nusu saa huja swali la pili, ambalo wauzaji wengi hawalitaji: je, masikio yangu bado yanataka kuendelea?

Kuna sababu ya maswali haya mawili kugombana, na ni vizuri kuielewa kabla ya kuingia katika historia yenyewe. Sauti ni hewa inayosukumwa. Kiwambo kilicho ndani ya hedifoni ni kidogo na husukuma hewa kidogo sana, kwa hiyo besi husikika vizuri pale tu hewa hiyo inapofungiwa kati ya kikombe na sikio. Mwanya mdogo ukibaki, labda kwa sababu ya mkono wa miwani au nywele zilizosukwa, besi huvuja. Ili mwanya usiwepo, kikombe lazima kibane. Na kinachobana huumiza, hukusanya joto na huleta jasho. Fundi anaweza pia kukiacha kikombe wazi kwa nyuma. Hapo kichwa hupumua na muziki hupata nafasi, lakini kelele za nje huingia bila kubisha hodi. Miaka mia moja na zaidi ya ufundi huu imekuwa ni kutafuta njia ya kutoka katika mtego huo.

Mwanzoni hakuna aliyefikiria muziki. Mapema katika karne ya 20 simu za upepo zilikuwa dhaifu mno, na vikuza sauti vya umeme vilikuwa bado havijaenea, hivyo msikilizaji alihitaji kifaa chenye usikivu mkubwa sana. Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa jimbo la Utah aliyekuwa akipata shida kusikia mahubiri katika ukumbi mkubwa wa kanisa lake, alitengeneza kifaa hicho na mwaka 1910 akakituma kwa Jeshi la Wanamaji. Wanajeshi walikijaribu wakashangazwa na uwezo wake. Walipotaka kuagiza zaidi, ikabainika kwamba alikuwa akivitengeneza jikoni kwake, na hangeweza kupokea oda ya zaidi ya kumi kwa mara moja.

Jambo linalonivutia zaidi katika kisa hicho ni lililofuata. Walipokivaa kwa muda, wanajeshi waliona kwamba sauti haina kasoro ila upinde wa kichwani haufai. Baldwin akaleta upinde mwingine wa nyaya mbili zilizofunikwa ngozi, unaoweza kurekebishwa kulingana na kichwa cha mvaaji. Malalamiko kuhusu starehe, basi, yana umri sawa na hedifoni zenyewe.

Huku kwetu Kenya, redio ilianza kutangaza kutoka Nairobi mwaka 1928, na waliolengwa walikuwa walowezi. Waafrika walianza kuandaliwa matangazo yao hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu serikali ilitaka jamaa za askari wapate habari za vita. Matangazo hayo yalitoka kwenye spika, na watu waliyasikiliza pamoja. Muziki nao ulikuwa wa mkusanyiko. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa kwa mtindo wa omutibo huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda kushika mdundo. Watu waliucheza muziki huo, na santuri zake zikasikilizwa na waliokuwa ukumbini na waliokuwa uani vilevile. Hadi wakati huo, hedifoni katika nchi hii ilikuwa kifaa cha mafundi wa mitambo na wa studio.

Kwingineko mambo yalikuwa yakienda haraka. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer huko Berlin ilitoa DT 48, ambayo ilitumia koili ndogo inayotikisika ndani ya sumaku na kusukuma kiwambo. Umbo hilo ndilo lililomo hadi leo katika hedifoni nyingi tunazozijua. Lakini ufundi peke yake haukutosha kuziingiza nyumbani. Ilihitajika sababu ya kuzivaa. Sababu hiyo ilikuja na santuri za stereo mwishoni mwa miaka ya 1950, kwani sasa muziki ulikuwa na kulia na kushoto, na hedifoni ziliweza kuzitenganisha kabisa pande hizo. John Koss wa Milwaukee alionyesha hedifoni zake za stereo, SP/3, mwaka 1958. Zilikuwa na vikombe vikubwa vilivyofunika sikio lote.

Miaka kumi baadaye mwelekeo ukageuka. Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, ambayo haikufungwa nyuma, ilikuwa nyepesi, na badala ya mito mizito ilikuwa na sponji la manjano lililolalia sikio. Mwaka 1979 Sony ikaleta Walkman, na pamoja nayo hedifoni za karibu gramu 50 wakati zile za kawaida zilikuwa na gramu 300 au 400. Kwa nini ulimwengu uliacha uzito kwa ghafla hivyo? Wapo wanaosema ni vijana waliotaka kutembea na muziki wao. Wengine husema vyombo vya transista vilikuwa vimeshapunguza ukubwa, na hedifoni zilifuata tu. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini naona yanaanzia njiani. Kiu ya kutembea na muziki ilikuwepo hata kabla. Redio ndogo za mkononi zilikwisha kuithibitisha. Kilichokosekana kilikuwa sumaku ndogo yenye nguvu, na sumaku za samari na kobalti zilipopatikana, mafundi waliweza kupunguza uzito bila kuua sauti.

Suluhisho la tatu lilizaliwa angani. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT, alikuwa akisafiri kwa ndege kutoka Ulaya kurudi Marekani, na ngurumo za injini zikamharibia muziki. Akaanza mahesabu humohumo ndani ya ndege: maikrofoni ndogo isikilize kelele, kisha hedifoni itoe wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yafutane. Hedifoni za marubani zilitoka mwaka 1989, na QuietComfort za abiria mwaka 2000. Faida yake si ukimya tu. Kikombe hakihitaji tena kubana kwa nguvu ili kuzuia ngurumo, hivyo starehe na utulivu viliweza kukaa pamoja kwa mara ya kwanza. Hata hivyo mbinu hii hufanya kazi vizuri zaidi kwa mvumo mzito usiobadilika. Ngurumo ya injini ya matatu kutoka Kisumu huipunguza sana. Honi ya dereva huiacha ilivyo.

Wakati huohuo kulikuwa na mafundi waliotafuta ubora bila kujali bei. Sennheiser ilitengeneza Orpheus mwaka 1991, seti 300 pekee. HD 600 ya mwaka 1997 ikawa kipimo cha wengi kwa sauti za binadamu, ingawa ikiwa mpya hubana kichwa sawasawa. HD 800 ya mwaka 2009 ilipewa vikombe vipana kiasi kwamba sikio haliguswi, na uzito wake ni gramu 330. Kisha zikarudi hedifoni za kiwambo bapa kilichotandazwa mbele ya sumaku, kama LCD-2 ya Audeze. Besi yake hushuka bila kutetereka, lakini huzidi nusu kilo, na shingo hulipa deni hilo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni na iafoni 283 na hakupata uhusiano kati ya bei na mpangilio wa sauti. Namwamini, kwa sababu bei kubwa mara nyingi hununua chuma, ngozi na mito, yaani starehe na uimara, kabla haijanunua usikivu.

Kakamega haikupitia hatua hizo kwa mpangilio huo. Kaseti na Walkman zilifika, lakini zilikuwa mali ya wachache. Mabadiliko makubwa yalikuja na simu za mkononi katika miaka ya 2000, na sababu zake zimekuwa zikijadiliwa. Bei ya chini ya bidhaa za China ni sababu moja. Kuongezeka kwa stesheni za FM baada ya serikali kulegeza masharti ya utangazaji katika miaka ya 1990, hasa zile za lugha za nyumbani kama Mulembe FM, ni sababu ya pili. Lakini kuna ya tatu ambayo hutajwa mara chache: katika simu nyingi za wakati ule, waya wa iafoni ndio uliokuwa antena. Bila kuichomeka, redio ilikataa kufunguka. Mtu ambaye hakuwa na haja ya kujifungia sikio alijikuta amenunua iafoni ili apate habari za saa moja, kisha akagundua kwamba anaweza kusikiliza nyimbo usiku bila kumwamsha mtu. Bei iliwezesha, stesheni zikavutia, lakini naona waya ule ndio uliolazimisha.

Hapa ndipo hali ya mahali inapoingia katika ulinganisho. Kakamega hupata mvua nyingi, mara nyingi alasiri, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Nilikaa chumbani siku moja na hedifoni mbili nzuri, moja ya wazi na moja ya kufunga, nikasikiliza rekodi ileile ya isukuti. Kabla ya mvua ile ya wazi ilishinda bila ubishi. Nilizisikia ngoma tatu zikiwa zimesimama mahali patatu, na pembe ikiita kutoka nyuma yao. Mvua ilipoanza kupiga bati, ngoma ndogo ilitoweka kwanza, kwa kuwa mlio wa matone una sauti nyembamba kama zake, kisha njuga, nikabakiwa na ngoma kubwa peke yake. Nikavaa ile ya kufunga na ngoma ndogo ikarudi. Dakika arobaini baadaye mito ya ngozi ilikuwa imelowa jasho, na nyuma ya sikio la kushoto, mahali unapopita mkono wa miwani, palikuwa pakiuma.

Anayerekodi isukuti hana hata nafasi ya kuchagua. Akisimama hatua tatu kutoka kwa wapigaji huko Khayega au Shinyalu, hedifoni ya wazi itampa ngoma yenyewe badala ya kile kinachoingia kwenye maikrofoni, naye hatajua kama rekodi imeungua mpaka atakapofika nyumbani. Lazima avae ya kufunga, inayobana, juani, muda wote wapigaji wanapocheza, na huwa hawachezi kwa muda mfupi. Ngoma kubwa itamfikia hata hivyo, kupitia ardhini na kifuani. Kwa hiyo hufunga macho, husukuma vikombe kwa viganja vyote viwili vibane zaidi, na kuitafuta ile ndogo.