Kubadilishana wachezaji katika besiboli ya fantasi

Kubadilishana wachezaji katika besiboli ya fantasi ni makubaliano ambayo kwayo wamiliki wawili au zaidi wa timu za kubuni hupeana wachezaji baada ya timu kuundwa. Besiboli ya fantasi ni mchezo ulioanzia Marekani. Kila mshiriki huchagua wachezaji halisi wa Major League Baseball, na takwimu wanazopata uwanjani huipa timu yake pointi. Katika ligi nyingi za aina hii mchezaji mmoja humilikiwa na timu moja tu; kwa hiyo anayemtaka mchezaji wa mwenzake hana budi kutoa mwingine.

Historia

Mwaka 1960 mwanasosholojia William Gamson alianzisha mchezo wa kukisia takwimu za besiboli pamoja na wenzake. Baadaye mchezo huo ulimfikia Daniel Okrent, mwandishi na mhariri. Mwaka 1980 Okrent na rafiki zake walianzisha ligi iliyoitwa Rotisserie, kutokana na mkahawa wa La Rotisserie Française wa New York walikokuwa wakikutana. Tofauti na mchezo wa awali, wamiliki wa ligi hiyo waliweza kubadilishana wachezaji msimu ukiendelea.

Mfumo wa pointi

Mfumo unaojulikana zaidi una vipengele 10. Vya wapigaji ni wastani wa mapigo, hom-rani, mikimbio, mikimbio iliyoletwa na pigo la mchezaji, na besi zilizoibwa. Vya warushaji ni ushindi, michezo iliyookolewa, wapigaji waliotolewa kwa straiki, wastani wa mikimbio aliyoruhusu mrushaji, na wastani wa wapigaji aliowaruhusu kufika besi. Katika ligi ya timu 12, timu inayoongoza kipengele hupata pointi 12 na ya mwisho hupata pointi 1.

Haki katika mabadilishano

Mabadilishano ya haki si lazima yawe ya wachezaji wenye sifa sawa. Kinachopimwa ni pointi ambazo kila timu itapata au kupoteza kwenye msimamo.

Kwa mfano, timu A inatarajiwa kumaliza msimu na besi 140 zilizoibwa, na timu ya pili itakuwa na 100. Ikimtoa mchezaji atakayeiba besi 15, itabaki na 125 na bado itaongoza. Timu B, yenye 60, ikimpata itafikisha 75 na kuzipita timu zenye 64, 68 na 71. Kwa upande wake, timu B inatoa mrushaji atakayeokoa michezo 10. Itashuka kutoka michezo 80 hadi 70, lakini nafasi yake haitabadilika kwa kuwa inayoifuata ina 66. Timu A itapanda kutoka 30 hadi 40 na kuzipita timu zenye 33, 36 na 39. Ikiwa vipengele vingine havibadiliki sana, kila upande umepata pointi 3. Waliopoteza ni timu zilizopitwa, na hii ni sababu mojawapo ya wamiliki wengine kupinga mabadilishano ambayo hayana kasoro.

Mambo yanayozingatiwa

Idadi ya wachezaji. Katika ligi nyingi za mnada kila mmiliki ana dola 260 za kununua wachezaji 23. Mchezaji wa dola 30 hutakiwa mara nyingi kwa wawili wa dola 15. Hesabu inaonekana sawa, lakini anayepokea wawili analazimika kumwacha mchezaji mmoja, na anayepokea mmoja anapata nafasi ya kumjaza mchezaji huru. Kwa sababu hiyo anayetoa nyota huomba nyongeza.

Nafasi uwanjani. Mdakaji anayepiga vizuri ni adimu kuliko mchezaji wa nje mwenye takwimu zilezile, hivyo thamani yake ni kubwa zaidi.

Wakati. Msimu wa kawaida wa Major League Baseball una michezo 162 kwa kila timu. Takwimu za wiki chache za mwanzo zinaweza kudanganya, na pointi zilizokwisha kupatikana hazihami na mchezaji. Kinachonunuliwa ni michezo iliyobaki.

Mazungumzo

Kwa kawaida mmiliki huanza kwa kuangalia mwenzake amepungukiwa na nini, kisha hutoa pendekezo ambalo yeye mwenyewe angelifikiria kama angekuwa upande wa pili. Pendekezo la dharau huweza kufunga mlango kwa msimu mzima. Majeraha yaliyotangazwa ni habari ya wote, lakini anayemwuzia mgeni mchezaji aliyeumia bila kumwambia huenda asipate wa kufanya naye biashara tena.

Usimamizi

Ligi huwa na msimamizi anayeidhinisha mabadilishano, au huwapa wamiliki kura ya kuyazuia. Wachezaji wengi wazoefu huona kwamba mabadilishano yanapaswa kuzuiwa pale tu panapokuwa na njama, kama timu iliyokata tamaa kumpa rafiki nyota wake bure. Kosa la hesabu peke yake halitoshi. Ligi nyingi pia huweka tarehe ya mwisho ya mabadilishano.

Katika ligi zinazoruhusu kubaki na wachezaji mwaka unaofuata, timu ya mwisho inaweza kumtoa nyota wa leo kwa chipukizi wa kesho. Kwa msimu huo pekee mabadilishano hayo huonekana ya upande mmoja, ingawa pande zote mbili zinafaidika.

Tofauti na fantasi ya soka

Katika Fantasy Premier League, inayochezwa na wengi Afrika Mashariki, mchezaji mmoja anaweza kuwa katika timu nyingi kwa wakati mmoja. Mshiriki humnunua kwa bei iliyowekwa na mchezo wenyewe, bila kujadiliana na mshiriki mwingine.