Sekunde 56 za Ituri

Jioni moja hapa Ngerengere mjukuu wangu alimaliza kuchora roketi, akaniuliza: "Babu, picha hii inaweza kufika kule kwenye nyota?" Nikamjibu kwamba sanaa ya watoto ilikwisha kuianza safari hiyo, na sehemu yake ilitoka kwa jirani zetu.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani: Voyager 2 tarehe 20 Agosti, na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. Kila kimoja kilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye picha, muziki, sauti za dunia na salamu za lugha 55. Jopo la wateuzi liliongozwa na mwanafalaki Carl Sagan. Salamu ya Kiingereza ilitolewa na mwanawe, Nick, mwenye umri wa miaka 6, kwa niaba ya watoto wa dunia.

Wapenzi wa lugha watauliza: Kiswahili je? Hakimo. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, na Kiila cha Zambia pia kimo. Hata hivyo, neno letu lilikuwa limetangulia. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake.

Lakini zimo katika santuri ile sekunde 56 zinigusazo zaidi. Ni wimbo wa unyago wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, uliorekodiwa na mwanaanthropolojia Colin Turnbull. Sisi wa Uluguru, tunaomtoa mwali kwa ngoma, hatuhitaji mkalimani wa kutueleza uzito wa wimbo wa namna hiyo. Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa jua Agosti 2012, na Voyager 2 Novemba 2018. Sauti za mabinti hao sasa zimo katika anga iliyo baina ya nyota.

Mvulana yule tunamjua kwa jina na ukoo. Aliyerekodi wimbo ametajwa. Walioimba wameorodheshwa kwa jina la jumla, ambalo kwetu ni Mbilikimo: neno linalotaja kimo, lisimtaje mtu.

Sina haki ya kuwalaumu wengine. Katika miaka yangu ya ualimu nilibandika mashairi ya wanafunzi kwenye ubao wa matangazo, na chini yake nikaandika "Kidato cha Pili", basi. Upo ubeti mmoja juu ya mto Ngerengere wakati wa masika ambao hadi leo nimeuhifadhi kwa ghibu. Aliyeutunga nimemsahau.

Nilimrudishia mjukuu wangu karatasi na kalamu. "Kabla haijaenda popote," nikamwambia, "andika jina lako chini." Akayaandika yote matatu.