Daftari la Kizuizini
Mwanzoni mwa 2001, Intifadha ya pili ya Wapalestina ikiwa imepamba moto, wanawake watatu wa Kiisraeli waliasisi Machsom Watch. "Machsom" kwa Kiebrania ni kizuizi. Wenziwao walipoongezeka, wengi watu wazima na wastaafu, walisimama kwa zamu penye vizuizi vya jeshi vya Ukingo wa Magharibi, Qalandia na Huwara, daftari mkononi. Waliandika saa, urefu wa foleni, mgonjwa aliyecheleweshwa, mwanafunzi aliyerudishwa. Amri juu ya askari hawakuwa nayo. Waliomba, pengine wakasikilizwa, pengine wakafukuzwa. Wakaulizana wenyewe kama kuwapo kwao hakukuupamba ukaliaji wa mabavu. Swali hilo, kwa hakika, lina uzito kuliko sifa walizomiminiwa. Alfajiri, vibarua wa Kipalestina wakijipanga gizani, daftari lilifunguliwa tena.