Mwaloni ulifikaje Uskoti?

Msikilizaji, zama za barafu zilipokwisha, takriban miaka 11,700 iliyopita, kaskazini mwa Ulaya hakukuwa na misitu. Mialoni ilikuwa imesalia kusini, Hispania na Italia. Mbegu yake ni nzito, haipeperuki. Huanguka palepale chini ya mti.

Mwaka 1899 mwanajiolojia wa Uingereza, Clement Reid, alikadiria kwamba kwa mwendo huo mwaloni ungehitaji kama miaka milioni moja kufika kaskazini mwa Uskoti. Lakini chavua iliyozama kwenye tope la maziwa inaonyesha ulifika ndani ya miaka elfu chache tu.

Wabebaji ni ndege, jamaa wa kunguru hawa tunaowafukuza mashambani. Hufukia mbegu mbali kama akiba, zinazosahaulika huota. Ndege mmoja hufukia maelfu kwa msimu.