Soksi Zenye Mistari: Uchumba na Pete katika Kisiwa cha Tristan da Cunha

Tristan da Cunha ni kisiwa cha volkano kilichoko kusini mwa bahari ya Atlantiki, kati ya Afrika na Amerika ya Kusini. Jirani yake wa karibu mwenye watu ni Saint Helena, umbali wa takriban kilomita 2,430, na bandari inayokihudumia ni Cape Town, kilomita 2,800 hivi upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mlima wenye kilele cha mita 2,062. Watu wake, ambao leo wanakadiriwa kuwa 240, wanaishi wote katika kijiji kimoja kwenye uwanda mwembamba chini ya majabali. Kwa zaidi ya miaka mia moja tangu kijiji hicho kianzishwe hakikuwa na duka wala sarafu. Hata hivyo vijana walichumbiana, wazee waliridhia, na kila mtu alijua nani ameshaposwa na nani bado. Namna walivyolifanya jambo hilo bila pete, na namna pete ilivyokuja kuingia baadaye, inategemea sana safari za meli.

Makazi yalianza kwa sababu za kijeshi. Mwaka 1816 Uingereza ilipeleka kikosi kisiwani kwa hofu kwamba wafuasi wa Napoleon, aliyekuwa kifungoni Saint Helena, wangekitumia kumtorosha. Mwaka uliofuata kikosi kiliondolewa, lakini koplo mmoja Mskoti, William Glass, aliomba abaki pamoja na mkewe kutoka Rasi ya Tumaini Jema na watoto wao wawili. Waashi wawili, Samuel Burnell na John Nankivel, walibaki naye. Watu hao waliandikiana mkataba tarehe 7 Novemba 1817: mali iwe ya wote, faida na gharama zigawanywe sawa, na asiwepo wa kujifanya mkubwa wa wenzake. Mkataba wenyewe haukudumu muda mrefu kwa herufi zake, lakini roho yake ilibaki. Una uzito katika habari hii, kwa kuwa pete ya thamani hueleza uwezo wa anayeitoa, na hapa palikuwa na jamii iliyoanza kwa kukataa mtu kuonyesha uwezo kuliko wenziwe.

Miaka ya mwanzo tatizo halikuwa pete bali wachumba. Mabaharia waliovunjikiwa na meli na wavuvi wa nyangumi waliochoka na bahari walizidi kujiunga na akina Glass, na karibu hapakuwa na mwanamke mtu mzima asiye na mume. Makapera watano wakamwomba nahodha wa meli Duke of Gloucester awaletee wake kutoka Saint Helena. Meli hiyo walikuwa wakiifahamu. Ndiyo iliyokuwa imemwacha mchoraji Mwingereza Augustus Earle kisiwani mwaka 1824, akakaa miezi minane akifundisha watoto. Mwaka 1827 nahodha alirudi na wanawake watano walioridhia safari hiyo, baadhi yao wakiwa na watoto. Inasimuliwa kisiwani kwamba Thomas Swain aliapa kumwoa wa kwanza atakayekanyaga mchanga, na akatimiza. Masimulizi ya aina hii hunoga kila yanaporudiwa, kwa hiyo si lazima yachukuliwe kama yalivyo. Lisilo na ubishi ni kwamba posa ile haikuwa na pete, wala barua, wala mshenga zaidi ya nahodha mwenyewe, na kwamba ujira aliotarajia ulikuwa viazi.

Ndoa zilifungwa kwa taratibu za Kanisa la Anglikana. Kasisi hakuwapo, hivyo Glass ndiye aliyesoma ibada. Kitabu cha Sala cha Kianglikana kina kipengele ambacho kisiwa kile hakikuweza kukitimiza kirahisi: bwana harusi anatakiwa aweke pete juu ya kitabu, kisha amvishe bibi harusi. Pete hiyo ni ya ndoa. Kitabu hakidai pete ya uchumba, na pengo hilo likawaachia wanakisiwa uhuru wa kubuni desturi yao. Kasisi wa kwanza wa kudumu, William Taylor, alifika mwaka 1851 na kuondoka mwaka 1857 pamoja na watu wapatao 45 waliohamia Rasi. Wengine, wa ukoo wa Glass, walikuwa wamekwisha kwenda Marekani baada ya mzee wao kufariki mwaka 1853. Waliobaki hawakuzidi 28.

Hadi wakati huo meli zilipita mara kwa mara. Wavuvi wa nyangumi kutoka New England walitia nanga kuchukua maji, nyama na viazi, wakaacha nguo, unga, chai, misumari na vitu vidogo vidogo. Kijana aliyetaka pete angeweza angalau kubahatisha kuipata kwa baharia. Kisha mlango ukafungwa. Uwindaji wa nyangumi ulipungua, hasa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na kuzivuta meli za Asia upande wa kaskazini. Na meli za mvuke hazikuhitaji tena kufuata upepo unaopita karibu na Tristan. Hapo historia inafanya kejeli yake. Almasi ya kwanza ya Afrika ya Kusini iliokotwa karibu na Hopetown mwaka 1867, na machimbo ya Kimberley yakafuata. Vito vilivyokuwa vya wafalme vikaanza kuwa vingi kiasi cha kufikiwa na vidole vya watu wa kawaida Ulaya na Marekani. Nchi iliyokuwa ikifungua zama za pete ya almasi ndiyo hiyo hiyo yenye bandari ya karibu zaidi na Tristan barani Afrika, na katika miaka hiyo hiyo Tristan ikaanza kukaa miezi, na baadaye miaka, bila kuona tanga wala moshi.

Desturi ya uchumba ya Tristan ilikomaa ndani ya upweke huo, na malighafi yake ilikuwa sufu. Kila nyumba ilifuga kondoo. Wanawake waliichambua sufu, mara nyingi wakikusanyika nyumba moja hadi nyingine kusaidiana, wakaisokota kwa magurudumu ya mbao na kuifuma kwa sindano. Kati ya vyote walivyofuma, soksi ndizo zilizobeba ujumbe. Zilikuwa ndefu, nyeupe, na karibu na ukingo wa juu zilizungushiwa mistari ya rangi. Msichana alimfumia kijana soksi, na idadi ya mistari ilisema kiasi cha mapenzi: mistari michache ni ukarimu au urafiki, mingi ni jambo jingine. Wanaume walizoea kuchomeka suruali ndani ya soksi, kwa hiyo mistari haikufichika. Kijana aliyeshuka ufukweni kusaidia kuvuta mashua akiwa amevaa jozi mpya alikuwa ametangaza habari zake bila kufungua kinywa.

Ukiilinganisha na pete, soksi hii ina mambo mawili yanayostahili kutazamwa. Kwanza, pete ya uchumba ina majibu mawili tu, ipo au haipo, lakini mistari ilikuwa na daraja. Uhusiano uliweza kupimwa ukiwa bado unakua, na msichana aliyesita aliweza kupunguza mstari katika jozi iliyofuata pasipo aibu ya kurudisha zawadi. Pili, aliyesema alikuwa mwanamke. Katika desturi ya pete mwanamume huuliza na mwanamke hujibu, na kwa kawaida pete huonekana kwake yeye tu. Tristan, alama ilivaliwa na mwanamume, kwa kauli ya mwanamke. Kijana naye hakuwa mikono mitupu. Viatu vya kisiwani vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe isiyotengenezwa kiwandani, laini, vilivyoshonwa kwa mkono na kuchakaa haraka kwenye mawe ya volkano. Kumshonea msichana jozi ya viatu hivyo ilikuwa njia ya kawaida ya kuonyesha nia, na kwa kuwa viliisha upesi, nia ilibidi ionyeshwe tena na tena.

Kipimo kizito zaidi kilikuwa nyumba. Kijana hakuweza kuoa bila kuwa na mahali pa kumweka mke, na nyumba ya Tristan si kazi ya wiki moja. Kuta nene zilijengwa kwa mawe ya volkano yaliyochongwa kwa shoka, sehemu za pembeni zikiwa nzito kuhimili dhoruba. Paa liliezekwa kwa majani, na baadaye kwa kitani cha New Zealand kilichopandwa kisiwani. Mbao zilikuwa adimu kuliko vyote, maana miti ya kisiwani ni mifupi na imepinda. Zilitegemea meli zilizovunjika, ndiyo maana milango na dari za nyumba nyingi za zamani zilikuwa vipande vya vyombo vilivyozama. Wanaume wa kijiji walikuja kusaidia, na mwenye kazi aliwalisha nyama ya kondoo. Kwa hiyo wakati ukuta wa kwanza unasimama, jamii nzima ilikuwa imekwisha kuiidhinisha posa kwa jasho lake. Ni vigumu kuona pete ingeongeza nini hapo.

Ugumu wa kweli ulikuwa kupata mtu wa kumchumbia. Tarehe 28 Novemba 1885 mashua yenye wanaume 15 ilitoka kuifikia meli West Riding ili kufanya biashara, na hakuna aliyerudi. Kijiji kikabaki na wajane wengi na wanaume wachache mno wenye nguvu. Miaka saba baadaye meli ya Kiitalia, Italia, iliharibika pwani ya kisiwa, na mabaharia wawili kutoka Camogli, Andrea Repetto na Gaetano Lavarello, wakaamua kubaki. Repetto alimwoa Frances Green, ambaye baadaye akawa mmoja wa viongozi wa wanakisiwa. Mwaka 1908 walifika dada wawili wa Kiayalandi, Agnes na Elizabeth Smith, wakiwa wake wa wanakisiwa waliokuwa wameishi Afrika ya Kusini. Baada ya hapo majina ya koo yakabaki saba kwa muda mrefu: Glass, Swain, Green, Rogers, Hagan, Repetto na Lavarello. Wataalamu wa jenetiki wamekadiria kuwa wanakisiwa wanatokana na waasisi wapatao 15 tu. Karibu kila mchumba alikuwa ndugu kwa namna fulani, na swali la kwanza la wazee halikuwa kijana ana nini, bali udugu wao uko mbali kiasi gani.

Mabadiliko yalikuja na vita vya pili vya dunia. Mwaka 1942 jeshi la majini la Uingereza liliweka kituo cha redio na hali ya hewa kisiwani. Kazi ya malipo ikaanza, duka likafunguliwa, na bidhaa zikawa na bei. Mazoea ya kubadilishana vitu hayakufa mara moja: stempu iliyopendekezwa mwaka 1946 iliandikwa thamani ya peni moja pamoja na viazi vinne. Mwaka 1949 ikaanza biashara ya kamba mawe, wakivuliwa na kusindikwa kwa soko la nje, na mishahara ikawa jambo la kawaida. Ni katika muongo huo huo kampuni kubwa ya almasi, De Beers, ilikuwa ikiendesha kampeni ya matangazo Marekani iliyowaaminisha watu kwamba uchumba bila almasi haujakamilika. Sasa kijana wa Tristan angeweza kuwa na fedha mfukoni. Alichokosa ni mahali pa kuitumia kwa kitu kama hicho.

Mahali hapo alipaona mwaka 1961. Volkano ililipuka kando ya kijiji mwezi Oktoba, na wakazi wote, 264, wakahamishwa kupitia Cape Town hadi Uingereza, ambako wengi waliwekwa Calshot karibu na Southampton. Kwa takriban miaka miwili waliishi kati ya mabasi, televisheni na maduka ya sonara yenye vioo vya barabarani. Baadhi ya vijana walipata wachumba Waingereza. Walipopiga kura mwaka 1962, 148 walitaka kurudi na watano tu walitaka kubaki. Waliorudi mwaka 1963 walikuta nyumba nyingi zimesalimika, ila kiwanda cha kamba kilikuwa kimezikwa na lava. Walirudi pia na mazoea ya dunia waliyoiona, na pete ya uchumba ikawa kitu ambacho msichana wa Tristan anaweza kukitarajia kama mwenzake wa Southampton.

Kuichagua ndiko kunakobaki kugumu. Kisiwa hakina uwanja wa ndege. Mizigo na abiria husafiri kwa meli chache kwa mwaka kutoka Cape Town, safari ya siku sita au zaidi, na bandari ndogo iliyojengwa baada ya kurejea, yenye jina la Calshot, haipokei meli kubwa. Meli hutia nanga nje, vitu hushushwa kwa vyombo vidogo, na bahari ikichafuka kila kitu husubiri. Anayetaka pete huagiza kwa picha, au humtuma ndugu anayekwenda Cape Town kwa matibabu, au huingoja zamu yake mwenyewe ya kusafiri. Kipimo cha kidole lazima kiwe sahihi, maana kuirudisha pete isiyotosha ni safari nyingine mbili za meli. Ununuzi kwa intaneti ulikuwa na kikwazo chake, kwani tovuti nyingi hazikukubali anwani isiyo na msimbo wa posta. Mwaka 2005 Uingereza ikakipa kisiwa msimbo wake, TDCU 1ZZ, na vifurushi hupelekwa kwanza Cape Town kungoja meli. Soksi zenye mistari bado zinafumwa, na kwa sehemu kubwa huuzwa kwa watalii na wakusanyaji wa vitu vya visiwani, zikiwa na maelezo ya maana ya kila mstari.