Nafasi ya Wanariadha wa Kigeni katika Oregon Project, 2001–2019

Mwaka 2001 kampuni ya Nike ilianzisha Oregon Project, kikundi cha mazoezi kilichoongozwa na kocha Alberto Salazar, kwa lengo la kurejesha hadhi ya Wamarekani katika mbio ndefu. Tangu Billy Mills aliposhinda mita 10,000 katika Olimpiki ya mwaka 1964, hakuna mwanamume wa Marekani aliyekuwa amepata medali katika mbio hizo. Hata hivyo, mwaka 2011 kikundi kilimpokea Mo Farah wa Uingereza. Uamuzi huo ulionekana kupingana na lengo la awali, lakini matokeo ya London mwaka 2012 yalidhihirisha mantiki yake: Farah alishinda mita 10,000, na Mmarekani Galen Rupp, mwenzake wa mazoezi, akashika nafasi ya pili.

Baadaye waliingia Suguru Osako wa Japani, Sifan Hassan wa Uholanzi na Yomif Kejelcha wa Ethiopia. Kwa hatua hiyo, kipimo cha mafanikio kilihama kutoka bendera ya taifa hadi jina la mfadhili. Mwaka 2019 huko Doha, Hassan aliishindia Uholanzi medali 2 za dhahabu, ya pili siku chache baada ya Salazar kufungiwa miaka 4 kwa kukiuka kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Oktoba hiyohiyo Nike ilikifunga kikundi. Hivyo, mfadhili aliyewafungulia wageni mlango ndiye pia aliyeufunga, na medali hazikuwapa wanariadha usalama wowote wa kazi.